Ukarabati wa paa la bati

Ukarabati wa paa la bati ni kazi ya kurudishia uimara paa la mabati ya migongo yaliyoshika kutu, kulegea au kutoboka. Bati la migongo lilipewa hataza Uingereza mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kuchovya chuma katika zinki. Zinki huliwa kwanza, ikikinga chuma kilicho chini yake.

Tunduma, mpakani mwa Zambia, na kwingineko katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mvua hunyesha hasa Novemba hadi Aprili. Hivyo kazi hii hufaa kiangazi. Misumari iliyolegea hung'olewa, na mipya yenye raba hupigwa juu ya mgongo, si bondeni yanakopita maji. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu. Rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu: huenda ina risasi, sumu kali kwa watoto. Bati lililooza hubadilishwa. Lililo zima lastahili kutunzwa.