Kutoga Masikio ya Mtoto: Ni Dini, Ni Mila, au Ni Pambo Tu?

 

Idd ikikaribia, masonara hujaa watu, na katika foleni hukosi kumwona mama amempakata binti wa miezi mitatu, anatafuta herini ndogo kabisa. Hakuna anayeshangaa. Kwetu sisi watu wa pwani mtoto wa kike hutogwa masikio, imekwisha. Lakini hebu tujiulize mimi na wewe: nani alisema lazima? Na je, ni haki kumtoboa mtoto ambaye hajui hata kusema la? Nilipoanza kutafuta habari zake nilidhani nitamaliza kwa ukurasa mmoja. Kumbe maulamaa wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi, na hawakukubaliana.

Tuanze na zama za Mtume (s.a.w.). Katika Sahihi Bukhari na Muslim, Ibn Abbas (r.a.) anasimulia kwamba Mtume aliswalisha Idd rakaa mbili, kisha akawaendea wanawake pamoja na Bilal (r.a.), akawahimiza watoe sadaka. Wakaanza kuvua herini na pete zao na kuzitupa katika nguo ya Bilal. Pia iko ile hadithi ndefu ya Ummu Zar', aliyoisimulia Bi Aisha (r.a.), ambamo mke anamsifu mumewe kwa kumjaza masikio mapambo. Kwa hivyo wanawake wa wakati ule walivaa herini, na Mtume aliwaona nazo.

Sasa hapa ndipo wanazuoni wanapotufundisha kusoma kwa makini. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), katika sherehe yake ya Bukhari aliuliza: kuvaa herini ndiyo kutogwa? Akasema yawezekana herini ikaninginizwa kwa mkufu mwembamba kutoka kichwani ikafika usawa wa sikio bila ya tundu lolote. Na hata kama masikio yalikuwa na matundu, huenda yalitobolewa kabla ya sheria kuja. Mimi nilipoisoma hoja hii nilicheka kidogo, kwani ni nani angehangaika na mikufu kichwani? Lakini ndivyo wasomi wanavyofanya kazi, hawaachi mlango bila kuusukuma.

Kuna na kisa kinachosimuliwa cha Bi Hajar. Ibn Kathir amekitaja katika historia yake: ati Bi Sara alimkasirikia akaapa kumkata viungo vitatu, na Nabii Ibrahim (a.s.) akamwambia atimize kiapo chake kwa kumtoga masikio mawili na kumtahiri. Wanasema ndiye mwanamke wa kwanza kutogwa. Hiki ni kisa cha wasimulizi tu, tusikijengee hukumu.

Mwenye sauti kali zaidi ni Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Na angalia, huyu ni Shafii kama sisi, na Ihya yake inasomwa misikitini mwetu. Katika kitabu hicho, kwenye mlango wa kuamrisha mema na kukataza maovu, anasema haoni ruhusa ya kumtoboa binti masikio ili avikwe dhahabu. Hoja yake ni hii: tundu lile ni jeraha linaloumiza, na jeraha halihalaliki ila kwa haja ya maana kama kuumika, matibabu au kutahiri. Pambo si haja ya maana. Bangili na mikufu yatosha. Akaendelea kusema kwamba hata kama watu wamezoea, ni haramu, na hata ujira wa anayetoboa ni haramu. Lakini mwishoni akaacha upenyo: ila ikithibiti ruhusa katika mapokezi, na yeye haijamfikia.

Soma tena hoja hiyo, ndugu msomaji. Zaidi ya miaka 900 iliyopita mwanachuoni wa Kiislamu alikaa akafikiria maumivu ya mtoto mchanga na kuuliza ni kwa faida ya nani anaumizwa. Leo mtu akiuliza hivyo tunamwambia ameharibiwa na Uzungu.

Hakuwa peke yake. Ibn al-Jawzi wa Mahanbali, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), naye alikataza. Upande wa pili, Mahanafi waliona hapana ubaya, kwani Waarabu walilifanya tangu zama za ujinga na Mtume hakulikemea. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za mtoto mchanga, na humo akaruhusu kwa wa kike na kuchukiza kwa wa kiume. Wako waliomletea aya ya Suratun Nisaa, pale Iblisi anaposema atawaamrisha watu wakate masikio ya wanyama. Akajibu kwamba kulinganisha kitendo kile na kumpamba binti ni kulinganisha kubovu kabisa. Kisha Ramli, aliyefariki mwaka 1004 Hijria (1596), ambaye kitabu chake ni sherehe ya Minhaj ya Imam Nawawi, aliipa nguvu kauli ya kujuzu kwa mtoto wa kike. Basi Mashafii wengi wakaishia hapo.

Lakini pua ina habari yake. Ibn Hajar mwengine, al-Haytami wa Makka, aliyefariki mwaka 974 Hijria (1567), alikataza kutoboa pua kwa sababu kwa watu wengi si pambo ila kwa kikundi kidogo. Wenye vipini msinikasirikie, mimi naeleza tu.

Turudi kwetu sasa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Ameeleza kwamba mtoto wa kike akifika siku ya saba alitogwa kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri, kwa kawaida matundu sita kila sikio. Baada ya miezi kama miwili akavikwa pete nzito za dhahabu. Matundu kumi na mawili kwa mtoto wa wiki moja!

Kwa nini siku ya saba? Siku hiyo ndiyo ya akika, jina na kunyoa, na iko riwaya aliyoipokea Tabarani kutoka kwa Ibn Abbas inayotaja kutoboa masikio miongoni mwa mambo ya siku ya saba. Riwaya hiyo wanazuoni wameidhoofisha. Lakini mila haingojei isnadi, shughuli iko, jamaa wamekusanyika, basi na sindano ipite.

Picha za zamani za Unguja na Lamu zinawaonyesha wanawake wenye majasi, yale mapambo ya duara yaliyojaza ndewe, mengine yakiwa ya karatasi za rangi zilizokunjwa. Nyanya yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na matundu manne kila sikio. Mama ana mawili. Mimi nina moja, na mdogo wangu anasema lake linamtosha kwa herini za Idd tu. Mila imepungua tundu baada ya tundu na hakuna aliyetoa fatwa.

Sasa huzuni ni hii. Nyumba moja ninayoijua, mwaka uliopita, mtoto alizaliwa na baba akasema asiguswe, amesoma Ghazali katika simu. Mamamkwe akasema mtoto ataitwa mvulana, na kwamba vijana wa siku hizi wanawaona wazee wao wote walikuwa katika haramu. Wakanuniana hadi akika ikapita bila ya upande mmoja kuja kula. Kwa sunna ya akika yenyewe hawakugombana, wamegombania tundu la sikio! Kijana hakumaliza kusoma, kwani kauli ya Ghazali si kauli pekee wala si ile iliyotiliwa nguvu katika madhehebu yetu. Na bibi naye alisahau kwamba lililojuzu si la wajibu, mtu haulizwi akhera kwa nini hakumtoga bintiye.

Kwa maoni yangu mimi, fuata ruhusa lakini bakisha swali la Ghazali moyoni: ataumia kiasi gani? Siku ya saba ni mapema mno. Hapa Kenya chanjo yenye kinga ya pepopunda hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na pepopunda huingia kwa jeraha na chombo kichafu. Ngoja amalize hizo. Mpeleke kwa muuguzi mwenye sindano mpya. Zile mashine za kubonyeza za madukani, nyingi zina plastiki isiyoweza kuchemshwa ikatakasika, na hutumika kwa mtoto huyu na yule. Uzi na kijiti cha ufagio wa chelewa tuwaachie waliotutangulia.

Wanaosema tungoje mpaka mtoto akue achague mwenyewe wana hoja nzuri, nami naipenda. Ila ina upande wa pili. Utafiti mdogo wa watu 32 uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliotogwa wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata zaidi lile kovu linalonenepa likawa kama kokwa, kuliko waliotogwa wakiwa wadogo. Ngozi zetu nyeusi hupata sana kovu hilo. Kama jamaa zenu wanalo, pengine ni afadhali msitoboe kabisa, wala msisikilize maneno ya watu.

Jambo la mwisho ni ile dhahabu yenyewe. Imam Nawawi, akisherehesha hadithi ya siku ya Idd, alitoa dalili kwamba mwanamke ana haki ya kutoa sadaka katika mali yake bila ya idhini ya mume, kwani wale wanawake hawakwenda kuuliza. Herini ilikuwa mali yao. Vivyo hivyo herini aliyopewa binti yako na shangazi zake ni mali yake, wewe ni mlinzi tu. Kwa hivyo baba, ukibanwa na karo ya kaka yake mwezi wa Januari ukaipeleka kwa sonara, andika uzani wake kwa gramu, maana hilo ni deni lako kwa mtoto wa miezi mitatu.