Mchezaji wa Ridhaa

Kwetu Shinyanga gofu ulikuwa mchezo wa Mwadui, wa mabwana wa mgodi wa almasi. Mtu akisema "mchezaji wa ridhaa", anayecheza kwa kupenda na halipwi, nilikuwa najiuliza ni nani mwenye nafasi hiyo.

Denys Finch Hatton alikuwa nayo. Alizaliwa Uingereza mwaka 1887, mtoto wa pili wa kiume wa lodi. Baba yake mdogo, Harold, ni mmoja wa walioanzisha klabu ya gofu ya Royal St David's kule Harlech, Wales, mwaka 1894. Denys alisoma Eton, kisha Oxford, akaichezea Oxford gofu. Mwaka 1911 akafika Kenya, na fimbo zikabaki kuwa burudani. Wengi tunamjua kama mpenzi wa Karen Blixen tu, na filamu imechangia.

Riziki aliipata kwa biashara na kwa kuwaongoza matajiri porini. Mwaka 1928 alikuwa na mwana wa mfalme wa Uingereza hapa Tanganyika, safari ikakatishwa baada ya mfalme kuugua. Mwaka uliofuata aliandika katika gazeti la The Times kuwalaani waliokuwa wakiwapiga simba risasi wakiwa ndani ya magari, Serengeti. Kwake huo haukuwa uwindaji. Mnyama apewe nafasi, kama mpinzani uwanjani.

Nakubaliana naye, ila nusu. Serengeti inapakana na Meatu na Bariadi, wilaya zilizokuwa mkoani Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Msukuma aliyeingia huko na upinde wake kutafuta kitoweo aliitwa jangili. Mzungu mwenye leseni na bunduki aliitwa mwanamichezo. Sheria za mchezo zilitungwa na waliokuwa na ridhaa ya kucheza.

Mei 14, 1931, ndege yake ndogo ilianguka Voi. Alizikwa kwenye vilima vya Ngong. Mwaka huohuo Blixen aliondoka Kenya, shamba lake la kahawa likiwa limeuzwa, na mwaka 1937 sehemu yake ikawa uwanja wa gofu, Karen Country Club.

Ndani ya ndege hawakufa watu wachache kuliko wawili. Wa pili alikuwa Mkikuyu, mtumishi wake. Vitabu vinamtaja kwa neno moja: Kamau.