Seli ya Ngozi Iliyodhaniwa Kuwa Neva

Mwaka 1868, mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 21 alichukua kipande cha ngozi ya binadamu, akakilowesha katika kloridi ya dhahabu, kisha akakitazama kwa hadubini. Katika tabaka la juu la ngozi aliona seli nyeusi zenye mikono mirefu, zimejipenyeza kati ya seli nyingine kama pweza aliyejibanza mwambani. Paul Langerhans alizichora, akaandika kwamba ni za neva.

Hakuwa mzembe. Rangi ya dhahabu ilikuwa mbinu ya Julius Cohnheim ya kuonyesha neva, na seli yenye mikono iliyonasa rangi hiyo ungeipa jina gani jingine? Mwaka uliofuata alieleza vile visiwa vya kongosho ambavyo baadaye vilijulikana kuwa ndivyo vitoavyo insulini, na sifa yake ikahamia huko. Kifua kikuu kikamtoa Ujerumani, akahamia kisiwa cha Madeira, akawa anatibu wagonjwa na kuchunguza minyoo ya baharini. Alifariki huko Julai 1888, akiwa na miaka 40.

Seli zake za ngozi zilibaki bila kazi inayojulikana. Wengine walidai ni seli za rangi zilizochakaa, zinasubiri kupukutika. Dai hilo lilivunjwa mwaka 1961 na Michael Birbeck na wenzake, waliochunguza ngozi ya watu wenye mbalanga kwa hadubini ya elektroni. Kwenye mabaka meupe seli za rangi hazikuwapo, lakini za Langerhans zilikuwapo, na ndani yake mlikuwa na vijiti vidogo, vingine vimevimba ncha moja kama raketi ya tenisi. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli hizi zinaweza kuzaliwa kutoka kwenye uboho, yaani ni askari wa kinga ya mwili. Hunasa kijidudu kilichopenya ngozi na kukipeleka kwenye matezi, ambako seli nyingine za kinga hufundishwa kukitambua. Anayejua mtoki unaovimba kinenani baada ya kidonda cha mguu anaijua njia hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Langerhans.

Hapo ndipo swali zito lilipoanza. Seli ya damu inayofika kwenye ngozi inaambiwa na nani kuwa seli ya Langerhans? Na nani anaizuia isiondoke?

Jibu la kwanza lilitoka mwaka 1996. Panya waliozaliwa bila jeni ya kichocheo cha ukuaji kiitwacho TGF-beta 1 hawakuwa na hata seli moja ya Langerhans kwenye ngozi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba ishara hiyo pia ndiyo inayozituliza: ikikatwa, seli hizo huanza kuihama ngozi.

Mwaka 2002 Miriam Merad na wenzake walitoa habari ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Walishona panya wawili ubavu kwa ubavu hadi damu yao ikachanganyika. Miezi ikapita. Seli za damu za huyu zilizunguka mwilini mwa yule, lakini seli za Langerhans za kila mmoja zilibaki zake mwenyewe. Ngozi haikuwa inaagiza askari wapya kutoka kwenye uboho kila siku. Waliokuwapo walikuwa wakizaana papo hapo. Ni pale tu ngozi ilipounguzwa vibaya kwa miale ya urujuanimno ndipo nafasi zilipojazwa na wageni kutoka kwenye damu.

Likabaki fumbo moja. Seli hizi haziwezi kuwapo bila kipokezi cha kichocheo kiitwacho CSF-1, jambo lililothibitishwa mwaka 2006. Ajabu ni kwamba panya wasio na CSF-1 yenyewe walikuwa nazo. Mlango upo, mgeni anayejulikana hayupo, na bado kuna anayebisha hodi. Mwaka 2008 mbishaji huyo alitambuliwa: protini ya pili inayotumia kipokezi kilekile, iitwayo intalukini-34. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalithibitisha kwamba bila protini hiyo ngozi hukosa seli za Langerhans. Inayoitengeneza ni seli ya kawaida kabisa ya ngozi, ile ile tunayoisugua kwa dodoki kila siku bila kuifikiria. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mlezi wa askari huyu ni jirani yake.

Sehemu nyingine ya mwili inayotoa intalukini-34 kwa wingi ni ubongo. Huko hutengenezwa na seli za neva zenyewe, na hulisha mikroglia, askari wa kinga wa ubongo. Langerhans alikosea kuziita seli zake neva, lakini kinachozilea ni protini ile ile ambayo neva huitoa kulea askari wao.