Safu ya Lugha: Hafifu

Nimeona mahali pameandikwa kwamba TIE, kile chombo kidogo cha vita cha Dola katika filamu za Star Wars zilizoanza mwaka 1977, ni "chombo hafifu", na ni dhahiri kwamba mwandishi, akikusudia kusema kuwa hakina uzito mkubwa, amekitia ila asiyoikusudia. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni kutokuwa na uzito mkubwa. Lakini lilipokwisha kutua kwetu likabeba maana ya udhaifu, hata leo nguo ikiitwa hafifu mnunuzi huirudisha mezani kabla ya kuuliza bei. Basi chombo kigeukacho ghafula angani ni chepesi. Na kwa kuwa Dola hukiunda kwa wingi bila ya kutumia mali nyingi, ni rahisi pia, neno ambalo kwa Waarabu lahusu bei, ijapokuwa sisi twalitumia hata kwa kazi isiyo na taabu.

Hata hivyo, insafu yanilazimu kusema kwamba mtu akitazama jinsi kisivyo na ngao, wala mtambo wa kuvukia masafa baina ya nyota, wala hewa ya kuvuta, hata rubani sharti avae vazi lililozibwa lenye hewa yake, hatakosea sana akikiita hafifu, mradi ajue kuwa anakilaumu. Duni sikubali: duni ni kilicho chini ya vingine kwa daraja, na marubani wa waasi waliofukuzwa nacho wasingekubali pia.