Kifua, Donda Ndugu na Saratani: Historia Fupi ya Kutambua Maradhi ya Mapafu

Mtu wa Katubuka, mjini Kigoma, akikohoa mwezi mzima husema: "Kifua kinanisumbua." Neno hilo moja hubeba pumu, nimonia, kifua kikuu na saratani ya mapafu. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi saratani ilivyotengwa na maradhi mengine ya kifua, na kwa nini kazi hiyo ya waganga yatuhusu sisi tushughulikao na istilahi.

Wazee wetu walikuwa na neno donda ndugu, yaani kidonda kibaya kilacho mwili na kuenea. Neno hili lina nguvu, ila lilitaja kilichoonekana kwa macho, na lilitumika hata kwa vidonda visivyo saratani. Saratani ya mapafu haina donda la nje, alisubiriye atachelewa. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, na wazo hilo ni la Wayunani wa kale, walioufananisha uvimbe na mishipa iliyotanda kando yake na kaa na miguu yake. Kansa tumeipata kwa Kiingereza, na asili yake ya Kilatini ni kaa vilevile. Basi maneno haya mawili ni ndugu. Hata hivyo, hati moja isiyachanganye, msomaji akadhani ni maradhi mawili.

Njia ya kuona ndani ya kifua ilifunguliwa polepole. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei. Lakini eksirei huonyesha kivuli tu, wala haikipi jina. Kivuli cha kifua kikuu na cha saratani huweza kufanana. Kwa hiyo makohozi hupimwa, na ikishukiwa saratani, kipande kidogo cha nyama hutolewa pafuni na kutazamwa kwa darubini. Hapo ndipo ugonjwa hupata jina lake.

Mwaka 1933 Evarts Graham, mpasuaji wa St. Louis, Marekani, aliondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, naye akapona. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano wa maradhi haya na uvutaji wa sigara. Graham, aliyekuwa mvutaji, alifariki mwaka 1957 kwa saratani ya mapafu. Mgonjwa wake alikuwa hai bado.

Nchini kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Bugando, Mwanza, nayo hutibu kwa mionzi. Kutoka Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Safari hiyo ni ndefu mno kwa mtu aliyecheleweshwa na neno.

Tiba zenyewe zina majina yaliyo wazi: upasuaji, tiba ya mionzi, tibakemikali. Linalohitaji uangalifu ni tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na dhiki. Mfasiri asiiandike kana kwamba ni kukata tamaa, kwani huweza kutolewa sambamba na tiba nyingine.

Twapendekeza basi kwamba tangazo lolote la afya lisiishie kwenye neno kifua. Litaje dalili: kikohozi kisichokoma, makohozi yenye damu, sauti kukwaruza, kukonda, maumivu ya kifua. Tena liseme bayana kwamba asiyepatikana na kifua kikuu, naye angali anakohoa, hajamaliza uchunguzi. Na arudi hospitali. Sentensi hiyo moja, ikiandikwa kwa Kiswahili fasaha na kubandikwa zahanati, yaweza kumwahi mtu wa Katubuka kabla kivuli hakijatanda.