Upimaji wa barabara kwa leza: jinsi unavyofanya kazi na kwa nini vihisi husawazishwa

Upimaji wa barabara kwa leza ni njia ya kuchora ramani yenye urefu, upana na kimo kwa kutumia gari linalotembea. Gari hilo hupita kwa mwendo wa kawaida bila kufunga njia, huku likirekodi lami, kingo, nguzo, nyaya za umeme na uvungu wa madaraja. Kwa msafirishaji, faida kubwa ni kujua kama mzigo utapita chini ya daraja kabla lori halijatoka bandarini.

Sentimita zina maana gani

Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59. Kontena refu lina mita 2.90. Yakipakiwa juu ya trela ambayo sakafu yake iko mita 1.50 kutoka ardhini, la kwanza hufika mita 4.09 na la pili mita 4.40. Tofauti ni sentimita 31 tu, lakini inatosha kulikwamisha lori. Kwa transfoma, buldoza na mizigo mingine isiyo ya kawaida, kila safari ina kimo chake.

Mfano unaojulikana sana ni daraja la reli la mjini Durham, jimbo la North Carolina, Marekani. Nafasi iliyoandikwa ilikuwa futi 11 na inchi 8, yaani karibu mita 3.56. Mwaka 2016 iliwekwa mitambo inayotambua lori refu na kuwasha taa nyekundu pamoja na maandishi ya onyo. Hata hivyo malori yaliendelea kugonga. Oktoba 2019 daraja liliinuliwa kwa sentimita 20 hivi, na bado baadhi ya malori yaligonga baada ya hapo. Kipimo cha daraja hakimsaidii dereva asiyejua kimo cha mzigo wake.

Vifaa vilivyomo kwenye gari

Skana ya leza hutuma mapigo ya mwanga, mara nyingi mamia ya maelfu kwa sekunde, na kupima muda ambao kila pigo hutumia kwenda na kurudi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo, saa ya skana ikikosea kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa sentimita 15.

Pamoja na skana kuna kipokezi cha GPS kinachoonyesha mahali gari lilipo, kihisi cha mwendo kinachopima jinsi linavyoinama na kugeuka, na kihesabu cha mizunguko ya gurudumu. Chini ya daraja mawimbi ya satelaiti hukatika. Hapo kihisi cha mwendo na kihesabu cha gurudumu ndivyo vinavyoendeleza hesabu.

Kusawazisha vihisi

Kama mizani ya dukani inavyohakikiwa na Wakala wa Vipimo nchini Tanzania, vifaa hivi navyo huhitaji kuhakikiwa. Mambo manne huangaliwa zaidi:

1. Nafasi kati ya vifaa. Umbali kutoka kihisi cha mwendo hadi kwenye skana na antena ya GPS hupimwa kwa makini. Kikihamishwa kifaa kimoja, kipimo hurudiwa.

2. Pembe. Skana ikiwa imeinama kwa sehemu moja ya kumi ya digrii bila kujulikana, kitu kilicho mita 50 huonekana kimesogea karibu sentimita 9.

3. Saa. Gari la kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 kwa sekunde. Saa za vifaa zikipishana kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, nukta husogea sentimita 22.

4. Tairi. Upepo ukipungua, mzunguko wa gurudumu hubadilika na umbali unaohesabiwa hukosewa.

Ili kugundua kosa, gari hupita barabara ileile kwenda na kurudi. Nguzo moja ikionekana mara mbili kwenye ramani, au ukuta mmoja ukionekana kama kuta mbili, vihisi havijakaa sawa. Programu hutafuta pembe zinazozileta picha hizo pamoja. Kisha matokeo hulinganishwa na alama ambazo wapima ardhi wamezipima kwa vifaa vyao.

Kosa lipi huathiri daraja

Nafasi ya kupita ni umbali kati ya lami na uvungu wa daraja. Vikipimwa pamoja katika mpito mmoja, kosa la GPS huathiri vyote viwili kwa kiasi karibu sawa, hivyo tofauti hubaki sahihi. Lakini kosa la umbali au la pembe lililo ndani ya skana yenyewe halijifuti hivyo. Maji barabarani pia hupunguza mwanga unaorudi, kwa hiyo lami kavu hupimwa vizuri zaidi.

Mambo ya kuuliza kabla ya safari

Msafirishaji anayepewa vipimo vya njia anashauriwa kuuliza vilichukuliwa lini, na kama lami mpya imewekwa tangu hapo. Tabaka la sentimita 5 hupunguza nafasi kwa sentimita 5. Aulize pia kama namba ni ya sehemu ya chini kabisa ya daraja au ya katikati, na ni ya upande upi wa barabara.

Aidha, lori tupu hukaa juu zaidi kwa sababu springi hazijabanwa. Kontena lililopita likiwa limejaa laweza kugusa daraja lilelile likirudi tupu juu ya trela hiyo. Kimo kipimwe baada ya kupakia, kipimwe tena baada ya kushusha, na dereva apewe namba hiyo kwa maandishi.