Bunduki ya Kiasi Kimoja: Mchezo wa Shabaha na Historia Yetu

Waswahili wa karne ya kumi na tisa hawakuziita bunduki zote kwa jina moja. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Palikuwa na gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Ikafuata ya fataki. Na mwisho ikaja bunduki ya viasi, isiyoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu bali kwa nyuma, karibu na tako. Makala haya yanahusu hiyo ya mwisho katika umbo lake la kwanza, yaani ile iliyopokea kiasi kimoja tu kwa kila mlio. Kwetu inatajwa kuwa silaha ya ukoloni. Kwingineko inakumbukwa zaidi kuwa chombo cha mchezo, na hadi leo wako watu wanaoitunza na kuipiga.

Mfano mashuhuri ni mashindano ya Creedmoor, karibu na New York, tarehe 26 Septemba 1874. Waayalandi sita walipambana na Wamarekani sita katika masafa ya yadi 800, 900 na 1000, kila mtu akipiga risasi 15 katika kila masafa. Waayalandi walitumia bunduki za Rigby, zilizoshindiliwa kwa mdomo, ambazo wajuzi wengi wa wakati huo waliziamini kupita zote. Wamarekani walishika Remington na Sharps, zote za kufunguliwa nyuma. Mwayalandi mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha, ila shabaha yenyewe haikuwa yake. Akakosa alama 4. Mpigaji wa mwisho wa Marekani, Kanali John Bodine, alikuwa amejikata mkono kwa chupa iliyopasuka, akapiga hivyo hivyo na kupata. Wamarekani 934, Waayalandi 931. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe: zile alama 4 zingaligeuza ushindi. Kwa hiyo tusiseme kwamba siku ile ilithibitisha ubora wa bunduki mpya; ilithibitisha tu kwamba haikuwa duni. Mwaka uliofuata Wamarekani walishinda tena huko Dollymount, karibu na Dublin.

Kampuni ya Sharps ilifungwa mwaka 1881, kwani bunduki za kurudia zilikwisha kuwavuta wanunuzi. Hata hivyo zilizosalia hazikutupwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inahesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Mwenye kuimiliki hujifunza kazi nyingi za mikono: kusubu risasi mwenyewe katika kalibu, kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na bati kidogo, kupima baruti nyeusi, kulainisha masizi ndani ya mtutu kwa kuvuta pumzi na kuipuliza kupitia bomba dogo, kabla ya mlio unaofuata. Jioni huosha mtutu kwa maji, la sivyo kutu itaula. Na asithubutu kutia baruti ya kisasa isiyo na moshi katika chuma cha zamani, maana chuma hicho hakikufuliwa kustahimili nguvu yake. Ni mchezo wa subira, na mtu mwenye kiasi kimoja hufikiri kabla ya kupiga.

Sasa tuvuke bahari. Ubelgiji ilichukua bunduki ya Albini mwaka 1867, ya milimita 11, nayo ilikuwa ya kiasi kimoja vilevile. Askari wa Force Publique walipewa hiyo. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki zenye mifuo ndani ya kasiba zisiingizwe Afrika, kati ya nyuzi 20 za kaskazini na 22 za kusini. Dola ziliruhusiwa kuwapa askari wao. Msafiri mwenye cheti cha serikali yake aliruhusiwa kubeba yake ya kujilinda. Mwafrika aliachiwa gumegume, tena kwa masharti. Mkataba huo ulitungwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, lakini matokeo yake hayafichiki: upande mmoja ulipiga mbali na kwa hakika, upande mwingine ulibaki na jiwe na cheche.

Neno kiasi maana yake ni kipimo pia. Katika Dola Huru ya Kongo kipimo hicho kilihesabiwa kwa ukali. Ripoti ya Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, iliandika ushahidi wa askari waliotakiwa kuleta mkono wa kulia wa mtu kwa kila kiasi walichotumia. Anayepiga shabaha Ulaya na Albini ya kale ana haki ya kufurahia ufundi wake. Nasi tuna haki ya kuuliza iliwahi kufika wapi.

Kazi moja imebaki kwa wanafunzi wetu. Wawindaji na wahunzi wa kwetu bado wanaijua pupu, ishindiliwayo kwa mdomo. Ingefaa majina ya sehemu zake yakusanywe kwa wazee, kijiji kwa kijiji, yakalinganishwe na yale ya kamusi za pwani.